Taa za Udongo Huzeeka kwa Usiku Mmoja

Tharoli,
24 Disemba 1968

Mama yangu mpenzi,

Shalom kwako, na kwa kaka Sillu, na kwa wifi, na kwa huyo mjukuu wako ambaye mnasema ameshaota meno mawili na mimi sijamwona hata ukucha. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye jua, umejifunika ile shali ya bluu. Nasikia baridi ya huko Israeli, hapo Dimona, haina adabu, inaingia mpaka kwenye mifupa, na magoti yako mimi nayajua. Je, bado unayachua kwa mafuta ya nazi kila jioni kama tulivyoagana, au siku hizi unayaona mambo ya kishamba? Na kaka bado anaingia zamu ya usiku pale kiwandani? Mwambie dada yake anamsalimu, na asijifanye amesahau Kimarathi.

Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafundisha. Mbuzi wako amezaa mapacha, wote majike. Paa la jikoni lilivuja wakati wa masika, lakini vigae nimevibadilisha mwenyewe, niko juu ya ngazi nimekunja sari mpaka magotini, na majirani wamejaa chini wananitazama kama vile sarakasi imeingia kijijini. Kaburi la baba nimelipalilia. Mfenesi wa nyuma umezaa mpaka nagawa.

Barua hii haiji kwa posta. Anakuletea mjomba Hayeem mkononi, pamoja na kifurushi kidogo nilichokizungushia pamba na kitambaa. Nakuomba usikifungue kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua, mama. Hapo ulipo umeshaanza kufungua fundo. Kiweke mezani, usome kwanza.

Nataka nikusimulie Hanuka yetu ya mwaka huu, zile jioni zetu nane za taa, maana najua mjomba ataisimulia kwa namna yake, na mimi sitaki unisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Watoto wa darasa langu pale barazani kwa sinagogi wamebaki watano. Tangu mlipoondoka ninyi, zimeondoka familia nyingine tatu, na kila moja iliponiaga iliniuliza swali lile lile, kwamba Milka, wewe unangoja nini? Hawa watano ni wa wale wasiokwenda popote. Baba yake Nissim ni karani wa posta na hataki kusikia habari ya kuanza maisha upya. Bibi yake Dinah hawezi kuinuka kitandani, nani atamwacha? Ndiyo hao. Mkubwa wao, Nissim, ana miaka sita na mdomo wa wakili. Mdogo wao ni Dinah, ana miaka minne, haongei sana, lakini akishika jambo haliachi.

Mwaka huu niliwaambia kwamba vinara vya kununua Bombay basi, tutafinyanga vyetu. Tarabai, yule jirani yetu mfinyanzi wa upande wa kisimani, alitupa kapu zima la udongo na akaniambia tanuri lake ni letu tukilitaka. Basi wiki nzima kabla ya sikukuu baraza la sinagogi lilikuwa tope tupu. Udongo kwenye nywele, udongo masikioni, mama yake Nissim akaja kumchukua mwanawe akauliza kama nafundisha Torati au nalea nyati. Kila mtoto alijifinyangia kinara chake, kipande kimoja kirefu chenye vishimo vinane vya mafuta, na cha tisa kilichoinuka, cha taa mtumishi inayowashia wenzake. Nissim alitengeneza samaki mwenye vishimo mgongoni, kisha akanisumbua asubuhi nzima nimkagulie kama magamba yanaonekana vizuri, asije akawa samaki asiye na magamba, ambaye kwetu ni haramu. Dinah yeye akapanga vishimo vyake kwa duara. Nikamweleza sheria, kwamba taa za Hanuka lazima zisimame mstari mmoja, kimo kimoja, pasiwe na inayoificha nyingine. Akaangua kilio. Akasema taa ya mwisho itaogopa peke yake. Tukabishana mpaka tukakubaliana kwamba mtumishi tutamweka mwishoni kabisa, amshikie mkono.

Jioni ya kwanza, Jumapili ile, tuliviwasha vyote vitano pamoja mlangoni kwa sinagogi. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kwa ubaridi, na watoto walipokezana kuikumbatia chupa kwapani mpaka yakayeyuka. Mama, sikufichi, nililia. Zilikuwa taa ndogo, zinapepesuka, moja inatoa moshi kuliko mwanga, lakini zilitengenezwa na mikono ile niliyokuwa nimeiosha mwenyewe kisimani. Nikasema moyoni, leo hata aje nani, hawa watoto hawawezi tena kuambiwa kwamba wao ni mabaki.

Kumbe aliyekuja ni mjomba.

Siku ile ya kwanza alikuwa Bombay kwa ajili ya makaratasi yake ya safari. Alirudi Jumatatu jioni, bado ana vumbi la basi kwenye kofia, akatukuta tumekusanyika mlangoni, watoto na mama zao, vinara vitano vimepangwa, na Nissim tayari ameshika utambi. Akanyoosha mkono akamzuia. Akaniuliza kama vinara vile ndivyo vilivyowashwa jana. Nikamwambia ndiyo, ndivyo. Akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya. Akasema taa ya udongo ikishawaka usiku mmoja huwa imezeeka. Inameza mafuta, inapata weusi, haifai tena kwa heshima ya Hanuka. Ya shaba sawa, ya kioo sawa, inapanguswa. Ya udongo, kila usiku iwe mpya. Ni sheria, akasema, haikutungwa na yeye. Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, akaongeza kwamba isitoshe vinafanana na vitaa vya Diwali ya Wahindu, na watu wa njiani watashindwa kujua ni sikukuu ya nani.

Nikamuuliza anataka tufanyeje. Ndipo akalitoa lililokuwa moyoni mwake, mbele ya watu wote. Akasema mimi nafanya nini, nacheza matope na watoto wa watu. Wanaume wazima hapa hawafiki kumi, sala kamili haisaliki, na yeye mwenye ufunguo anaondoka mwanzo wa Januari. Ameshaamua: Hanuka ikiisha anafunga sinagogi, madirisha anapigilia mbao, na mabenchi ameshaongea na mwenye hoteli ya chai. Darasa nalo limekwisha. Akanigeukia kwa ile sauti yake ya upole inayouma kuliko matusi, akasema, "Milka, mababu zetu walifika pwani hii kabla Hanuka haijawako, hawakuijua kabisa. Walikamua mafuta yao, Sabato wakapumzika, wakaishi na Mungu wao. Kwa hiyo watoto hawa wakiikosa, wamekosa nini?"

Hapo damu ilinichemka, mama. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba, hawakuijua! Watu wazima na akili zao, vizazi na vizazi wamekamua mafuta nchi hii nzima, wakayauza yakawake kwenye nyumba za wengine, na hawakujua kwamba wana sikukuu ya mafuta ya kwao wenyewe. Babu amekufa na mikono inanuka nazi na hakuwahi kuwasha taa moja ya Hanuka akiwa mtoto. Leo tumeijua, tumewafundisha watoto, na wewe ndiye unayekuja kuizima? Thubutu!" Mama yake Nissim akaniminya mkono ninyamaze, nikautoa. Nikamwambia kama sheria inataka udongo mpya kila usiku, basi tutafinyanga mpya kila usiku.

Mjomba akacheka. Akacheka kweli, mpaka akashika tumbo. Akasema, "Ninyi? Na hao wanaokojoa vitandani?" Halafu, kwa kutania, lakini mbele ya mashahidi, akasema kama kila jioni mpaka ya nane nitamletea mlangoni pale kinara kipya cha udongo, kilichofinyangwa na watoto wenyewe, bila kununuliwa hata kimoja na bila kuvunja Sabato, basi ufunguo atauacha kwangu. Lakini jioni moja tu ikikosekana, asubuhi yake anafunga na nisimfuate na machozi. Nikamwambia mkono. Akasema ala, nikamwambia tena, "Nipe mkono, mjomba." Akanipa.

Jioni ile ya pili tuliiponea kwenye tundu la sindano. Kulikuwa na kinara cha mfano nilichoanza kuwaonyesha watoto, kisha Dinah akakimalizia, kimepinda kama ndizi na nilikuwa nimekificha nyuma ya mlango kwa aibu. Hakijawahi kuona moto wa utambi. Nikakitoa. Mjomba akakigeuza, akakinusa, akasoma baraka.

Kesho yake alfajiri niko mlangoni kwa Tarabai. Alinisikiliza huku anatafuna tambuu, akasema hao wajomba ni ugonjwa wa kila kabila. Akatueleza kwamba kwa haraka ile vipande virefu haviwezekani, havikauki. Tufinyange vikombe vidogo, vyembamba, tuchanganye mchanga na pumba za mpunga, tuvianike juani tangu asubuhi, na jioni tuvichome kwenye moto wa samadi kavu. Tuvipange juu ya ubao, mtumishi juu ya kipande cha tofali. Basi ikawa hivyo. Kabla ya shule watoto wanafinyanga, mchana vikombe vinakauka mbele ya nyumba yetu, nimemfunga mbuzi wako kamba fupi asivikanyage, jioni tunachoma, na giza likiingia tuko mlangoni. Mikono ya Dinah ilipasuka kwa udongo, nikawa namchua mafuta kama ninavyokuchua wewe magoti. Mama yake alitaka apumzike siku moja. Dinah alimwambia hapana, kwa sababu siku hiyo ndiyo mjomba atafunga.

Jamani, kijiji kizima kilijua. Wanafunzi wangu wa shule ya serikali waliniuliza darasani kama tumeshinda jana. Jioni wakawa wanakuja watu wasiohusika kabisa na sikukuu yetu, wanasimama njiani na watoto mabegani. Mwenye hoteli ya chai naye hakukosa hata siku moja. Anakuja, anakaa kwenye benchi la mbele, analibonyeza, analitikisa, kama mtu anayenunua ng'ombe. Jioni ya nne Nissim alimwendea akamuuliza, "Mzee, hilo ulilokalia umelilipia?" Akaondoka akakaa kwenye ngazi.

Mjomba alikagua kila kikombe kila jioni. Anakiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole ndani kutafuta weusi. Hakuupata. Jioni ya tatu, ya nne, ya tano. Nilianza kuringa, mama, na hapo ndipo nilipoteleza.

Ijumaa ilitaka vikombe vya jioni mbili. Vya Ijumaa yenyewe vilikuwa tayari tangu Alhamisi. Lakini vya Jumamosi jioni ilikuwa lazima vichomwe kabla jua la Ijumaa halijazama, kwa sababu Sabato ikiingia hatugusi udongo wala moto. Nami siku ile shuleni mkaguzi alinichelewesha. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linaelekea kwenye minazi, vikombe viko nje, juu vimekauka, tumboni bado vina ubaridi wa maji. Tarabai akaniambia niviache, havijawa tayari. Nikamwambia sina muda. Nikaviweka motoni. Havikuchukua hata robo saa, tukaanza kusikia, pa, pa, pa. Watoto walikuwa wamesimama pale pale. Dinah alijiziba masikio. Tulipofukua majivu tulikuta vitatu vizima, na jioni ya saba inataka saba na mtumishi wake.

Tukawasha za Ijumaa, tukaingia Sabato. Mjomba alikuwa ameshapata habari, maana habari hapa haina miguu lakini inafika. Aliponipita mlangoni hakunitania. Alinitazama tu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonikera.

Sabato ile, mama, ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Udongo uko uani, umefunikwa gunia bichi, naupita kila nikienda kisimani. Adhuhuri Tarabai akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye Sabato haimhusu. Akae nyuma ya nyumba yake, afinyange vikombe vinane, avichome, nani atajua? Alama za vidole vya watoto ataziiga, yeye ana miaka arobaini kwenye kazi hii. Nilitamani, nakiri. Niliviona vile vikombe mbele ya macho yangu. Kisha nikamwambia ahsante, dada, lakini mimi nitajua, na Nissim atajua, maana yule mtoto anahesabu magamba ya samaki. Nikitaka sinagogi libaki ili watoto wafundishwe kweli, siwezi kulibakiza kwa uongo. Akaguna akasema nina kichwa kigumu kama mama yangu. Nikamshukuru kwa hilo pia.

Nilikaa kizingitini mchana kutwa mikono mapajani. Nikafikiri mengi, na nitakuambia nilichokifikia, lakini ngoja kwanza nikumalizie.

Jua lilipozama tulienda sinagogi mikono mitupu. Watu walijaa kuliko siku zote, kwa maana watu hupenda kuona mtu anavyoanguka. Nyota zilipoonekana mjomba akasoma sala ya kuaga Sabato, akanusisha watu mdalasini na karafuu, akazima mshumaa kwenye mvinyo. Halafu akaweka mkono mfukoni, kwenye ufunguo, akaniambia kwa upole, "Basi, mwanangu. Umejitahidi."

Nikamwambia bado. Nikawageukia watoto nikawaambia wakimbie uani kwangu walete udongo na ule ubao. Walitoka mbio na kofia zinaanguka. Wakarudi wanaburura gunia, wakakaa chini pale pale mlangoni, mbele ya watu wote, na nguo zao za Sabato, wakaanza kufinyanga. Vikombe vinene, vibichi, vinang'aa kwa maji. Mama zao walipiga kelele kwa ajili ya zile nguo. Nikavipanga mstari mmoja juu ya ubao. Nikavimiminia mafuta.

Mjomba akainama akatazama. Akasema, "Milka, hizi si taa. Haya ni matope. Hayajachomwa."

Mimi nilikuwa na la kusema, nilikuwa nimelipanga tangu adhuhuri, lakini niliwahiwa. Nissim, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko, akainua uso akamwambia, "Mjomba, Adamu naye hakuchomwa. Na aliwaka."

Mama wee! Karani wa posta, baba yake, ambaye hajacheka tangu Waingereza waondoke, akaanza kucheka. Wakafuata wengine. Mwenye hoteli ya chai naye alicheka, kisha akaomba aelezwe, maana alikuwa hajaelewa. Mjomba alijikaza, akauma midomo, mabega yakawa yanamtingishika. Akatoa saa yake. Akasema sheria inataka taa ziwake nusu saa baada ya nyota, na kama matope yale yatavumilia nusu saa, yeye ni nani hata akatae.

Akasoma baraka. Nissim akawasha. Tukasimama.

Sijui kama umewahi kutazama mafuta kwa nusu saa. Karibu na mwisho kikombe cha mwisho, kile cha Dinah, kilianza kulia pembeni, tone moja, tone jingine, kuna ufa mwembamba kama unywele na mafuta yanatoroka. Mwali ukaanza kushuka. Dinah aliinuka akachota udongo kidogo, akaukandika kwenye ufa kwa kidole gumba, na akakiacha kidole pale. Alisimama hivyo, moto uko karibu na nyusi zake, hakukitoa. Mama yake akamwita, hakuitika. Mjomba alipofunga saa yake, tulilazimika kumbandua kidole kile kwa maji.

Jioni ya nane ilikuwa ya raha tu. Vikombe vilikauka, vilichomwa, vililia ngo kama kengele. Tulipika malida, mpunga uliopondwa, nazi, sukari na iliki, matunda juu, tukamshukuru Mungu na nabii Eliya, na Tarabai alikula sahani mbili. Mjomba akautoa ufunguo mbele ya wote akanipa. Ni mzito, mama. Sikujua ni mzito vile.

Watu walipoondoka alikaa kwenye ngazi, akaniita nikae karibu yake. Akaniambia hakuwa na ugomvi na udongo. Ile sheria ni ya kweli, lakini angetaka angeninong'oneza tu kwamba vinara vile vile tuvichome upya motoni, na vingehesabiwa vipya, kwani hilo nalo limo katika sheria. Hakuniambia kwa sababu alitaka nishindwe. Akasema pale gatini Bombay, siku meli yenu inaondoka, ulimshika mkono ukamwambia, "Hayeem, mlango ule ukibaki wazi, Milka haji. Ufunge. Akikosa pa kujishikiza atanifuata." Na akakuapia.

Nilikasirika, mama. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa ule ufunguo wangu mpya nikakaa gizani. Kumbe muda wote ule sikuwa nashindana na mjomba. Nilikuwa nashindana na wewe. Baadaye nikaanza kucheka peke yangu, maana Tarabai alishasema kichwa hiki nimekitoa wapi.

Basi hiki ndicho nilichokifikia Sabato ile kizingitini, kabla sijajua lolote: siji. Nilikuambia nitakuja baada ya Pasaka, na ofisi ya safari pale Bombay ilishaniandikia nafasi. Leo asubuhi nimewatumia ujumbe nafasi hiyo wampe mwingine. Nimekosa usingizi kwa jambo hili, usifikiri nimelichukua kirahisi. Nakuona unavyokaa hapo. Najua unaogopa nini. Unaogopa nitazeeka peke yangu kwenye nyumba ya vigae, na siku nikifa watanizika watu wasiojua maneno. Hata mimi naogopa, usiku mwingine. Lakini watayajua maneno, mama, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha. Wewe uliondoka kwa sababu huko ni kwetu. Nami nabaki kwa sababu hapa pia ni kwetu, na pana watoto watano. Nikupende vipi zaidi ya hapo? Nakupenda, na siji.

Usimkasirikie mjomba. Alitimiza kiapo chake kwako kadiri alivyoweza, kisha akatimiza alichoniahidi mimi. Mpe chai nzito, njiani atakuwa amekunywa maji ya vuguvugu.

Nisalimie wote mliokuwa nao meli moja. Tarabai anakusalimu na anasema lile sufuria lake ulilochukua kwa bahati mbaya alishakusamehe. Watoto wanakusalimu, na Nissim anauliza kama huko samaki wote wana magamba.

Sasa fungua kifurushi. Hicho ni kikombe cha Dinah cha jioni ya saba. Hakikuchomwa, kwa hiyo kama kimefika vipande, usilie, utakuwa udongo wa Tharoli mkononi mwako. Kama kimefika kizima, tafuta pembeni, utauona mtaro wa kidole gumba. Weka chako hapo. Ila usikiwashe, mama. Kimeshawaka usiku wake, kimezeeka. Ukitaka kipya itabidi uje, mlango uko wazi, na Dinah atakufinyangia.

Ni mimi mwanao mwenye kichwa chako,
Milka